KUWASHUKURU WANAJESHI NI KUSHIKA ZAMU YAO NYUMBANI

Kila ifikapo tarehe 25 Julai, Watanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa. Katika hafla ya kitaifa Rais huweka mkuki na ngao penye mnara wa kumbukumbu, Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime, na viongozi wa dini huwaombea dua waliofariki wakiitumikia nchi. Heshima hiyo ni ya mara moja kwa mwaka. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wananchi na wafanyakazi wa Serikali namna shukrani hiyo inavyoweza kutekelezwa katika siku zilizobaki. Mfano uliochaguliwa unatoka Wilaya ya Same, katika Milima ya Upare, Mkoa wa Kilimanjaro.

Same si mahali pageni kwa wanajeshi wetu. Kijana wa Unguja au Pemba anayekwenda kwa barabara kutoka Dar es Salaam hadi chuo cha kijeshi cha Monduli, mkoani Arusha, hupita hapo, chini ya milima hiyo. Ulinzi ni jambo la Muungano, na kijana wa Kipare na wa Kipemba huvaa sare moja. Lakini sababu kubwa ya kuitaja Same ni desturi ya wenyeji wake iitwayo msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya pamoja isiyo na ujira. Watu wa kijiji huitwa, na kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba barabara, kujenga skuli au kusafisha mifereji. Kazi hiyo huonekana wazi katika utunzaji wa ndiva, yaani mabwawa madogo ya asili yanayokusanya maji ya mito ya mlimani usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Tope likijaa ndani ya ndiva, maji hupungua kwa wote. Kwa hiyo wanaotumia maji hayo hutakiwa washiriki kuisafisha.

Hapo ndipo penye somo. Mwanajeshi aliyepangiwa kazi mbali hawezi kuitika wito wa msaragambo. Jembe lake halipo, na mzigo huo humwangukia mkewe, mama yake au mdogo wake. Jirani anayesema, "Zamu ya nyumba ile nitaishika mimi, kwani mwenyewe yuko zamu ya nchi," huwa ametoa shukrani inayopimika. Hahitaji hotuba wala fedha.

Historia inaonesha hasara ya kutofanya hivyo. Mwezi Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliwasukuma Wajerumani kuelekea kusini, yakifuata reli na Mto Pangani chini ya Milima ya Upare. Pande zote mbili ziliwategemea wapagazi wa Kiafrika kubeba chakula na risasi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita hivyo, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi, na mashamba waliyoyaacha yalikosa mikono. Wengi hawana kaburi lenye jina. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi hao, na wengi wanaonunua bidhaa hapo leo hawalijui jambo hilo. Hapa kwetu, mabaharia wa manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyozamishwa katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, wana makaburi yanayotunzwa katika kisiwa cha Chapwani. Vita ni vile vile, lakini kumbukumbu hazikulingana.

Taifa huru lilifanya vyema zaidi. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, wanajeshi na mgambo walitoka sehemu mbali mbali za nchi, na wananchi waliobaki walichanga ng'ombe, chakula na magari. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Wanajeshi zaidi ya 600 waliopoteza maisha wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Wengine walirudi nyumbani, na sasa ni wazee.

Aidha, huduma hiyo haikukoma na vita vya Kagera. Tarehe 7 Disemba 2017, walinda amani wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, wakiwamo vijana wa Zanzibar. Khabari kama hiyo haiishi siku ya maziko. Nyumba iliyofiwa hubaki na ada ya skuli, paa linalovuja na mafaili ya mirathi.

Kwa hivyo, wafanyakazi na wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Mke wa mwanajeshi afikapo ofisini au hospitali, aelezwe kwa ukamilifu, mara moja, karatasi zinazotakiwa. Asirudishwe mara kwa mara kwa sababu mumewe hayupo.

(b) Faili la mstaafu au mjane lisilazwe mezani. Kwa karani ni karatasi moja, kwa mwenyewe ni chakula cha mwezi.

(c) Walimu wawajue watoto ambao wazazi wao wako katika ulinzi wa amani, khasa siku redio inapotangaza mashambulizi.

(d) Katika shehia, majirani washike zamu ya nyumba ya mwanajeshi katika kazi za pamoja, na wafanye hivyo bila ya kungoja kuombwa.

(e) Mzee aliyepigana Kagera apewe shikamoo yake na aitwe "Afande" akipenda. Asilazimishwe kusimulia aliyoyaona vitani.

Sambamba na hayo, ieleweke kuwa shukrani si upendeleo. Kumpitisha mwanajeshi mbele ya mgonjwa mahututi si heshima, na kufumbia macho kosa lake kwa sababu ya sare ni kuidhalilisha sare yenyewe. Raia naye asivae nguo za jeshi kwa mapambo au kwa mapenzi, kwani sheria inakataza.

Mafundisho ya dini yanaiunganisha shukrani kwa binaadamu na shukrani kwa Mwenyezi Mungu. Nayo desturi ya Upare inaonesha mahali pa kuanzia. Kila sheha anao uwezo wa kujua ni nyumba ngapi katika shehia yake zina kijana aliye jeshini, na kila jirani anajua ni kazi gani imelala katika nyumba hiyo.