Mahindi Kustawi Si Cheti cha Usalama

Maswali ya wasomaji wa Rohero, Bujumbura, yanarudi palepale: mahindi na lengalenga vinavyopandwa kando ya barabara na kwenye viwanja vya mjini, vinalika? Wengi hujijibu wenyewe kwamba mmea ungekuwa na sumu ungenyauka. Si kweli. Nafaka yaweza kubeba metali nzito na bado ikapendeza macho.

Kadimiamu, mojawapo ya metali hizo, ikiingia mzizini hung'ang'ania salfa, na mmea huinasa kwa salfa hiyohiyo. Una metalothionini, protini fupi zilizosheheni sisteini, yaani asidi amino yenye salfa. Ya kwanza kutambuliwa kwenye mimea ilitoka katika kiini cha ngano, 1987: sisteini 17 zinazoshika zinki 6. Kisha kuna fitokelatini, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Hizi hazitengenezwi moja kwa moja kwa maagizo ya jeni kama protini. Kimeng'enya huziunga kutokana na glutathioni iliyokwishakuwepo ndani ya seli, na kinachokiamsha ni metali yenyewe: mwizi ndiye anayepiga kengele. Metali ikishafungwa husukumwa ndani ya vakuoli, yaani kifuko kilichomo ndani ya seli, ikakaa humo. Kwenye mizizi ya mpunga, kadimiamu huingizwa vakuolini na protini iitwayo OsHMA3. Aina za mpunga ambazo OsHMA3 yake ni mbovu huiacha ipande hadi kwenye punje.

Lakini mmea hujikinga wenyewe, haukukingi wewe. Kando ya mto Jinzu, Japani, watu walikula mpunga ulionyweshwa maji yenye kadimiamu ya mgodini. Figo zikaharibika, mifupa ikavunjika. Serikali ilitamka chanzo hicho mwaka 1968.

Risasi, nayo metali nzito, ina tabia nyingine. Nyingi hukwama mizizini, kidogo sana hufika kwenye punje. Cha kuogopa zaidi ni vumbi lililotua juu ya majani. Petroli yenye risasi iliachwa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, ila risasi haiozi.

Na wale wauza unga wa "kusafisha damu"! Nusu ya kadimiamu iliyomo figoni huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Hakuna unga wa wiki mbili unaoifukuza. Wasomaji, bakini na faranga zenu.

Osha mboga kwa maji mengi. Usilime karibu na gereji wala panapovunjwa betri. Acha sigara, maana tumbaku hukusanya kadimiamu. Na wewe mjamzito unayetafuna udongo, acha leo: udongo huo mara nyingi una risasi, na risasi humfikia mtoto tumboni.