Je, Kurudia Kusoma Daftari Kunatosha?

Mitihani ikikaribia, wazazi wengi hutuuliza sisi madaktari kama kuna tembe ya kuongeza kumbukumbu. Kwa mtoto mwenye afya njema, ni afadhali kuchunguza kwanza namna anavyosoma.

Lakini utajuaje njia iliyo bora? Pengine utamwuliza mwanafunzi aliyeongoza darasa. Jibu lake halitoshi. Huenda alifaulu kwa sababu ya mwalimu hodari, usingizi wa kutosha au vitabu tele nyumbani. Ndiyo maana wanasaikolojia hufanya majaribio yanayofanana na yale ya dawa mpya. Watu hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, ili wenye kumbukumbu nzuri wasirundikane upande mmoja. Kila kundi hupewa njia yake, kisha wote hufanya mtihani ule ule.

Jaribio moja mashuhuri lilichapishwa mwaka wa 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani. Wanafunzi 180 walipewa makala fupi. Kundi la kwanza liliyasoma kwa vipindi 4. La pili lilisoma vipindi 3, kisha likaandika kila lilichokumbuka bila kutazama. La tatu lilisoma kipindi kimoja tu, kisha likaandika hivyo mara 3.

Waliotahiniwa baada ya dakika 5 walikumbuka hivi: kundi la kwanza asilimia 83, la pili 78 na la tatu 71. Lakini kwa wale waliotahiniwa baada ya wiki moja, mambo yalipinduka: la kwanza asilimia 40, la pili 56 na la tatu 61.

La kushangaza ni kwamba kundi la kwanza ndilo lililokuwa na hakika zaidi kwamba lingekumbuka. Kusoma tena na tena huyafanya maneno yazoeleke machoni, nawe ukadhani yamekaa akilini. Kinachoimarisha kumbukumbu ni ile kazi ya kuyatafuta akilini mwenyewe.

Hivyo basi, mshauri mwanao afanye yafuatayo:

• Akimaliza sura, afunge kitabu na aandike anachokumbuka.

• Afungue kitabu tena na kusahihisha makosa, asije akakariri yasiyo kweli.

• Arudie zoezi hilo baada ya siku chache, si usiku wa kuamkia mtihani pekee.

• Alale vya kutosha, kwani ubongo huimarisha yale uliyojifunza wakati wa usingizi.

Mwanzoni ataona ugumu na kudhani hajui kitu. Asivunjike moyo. Hata hivyo, ikiwa ameanza kusahau kupita kawaida, haoni ubao vizuri, huumwa na kichwa mara kwa mara au hapati usingizi, mpeleke kwa daktari mapema.