Kupima Mlima Pasipo Kuupanda

Mtu akitaka kujua urefu wa ukuta, hutumia kamba ya kupimia. Lakini mlima mkubwa tutaupimaje? Wapima-nchi hawana haja ya kuupanda. Hupima mambo mawili tu: umbali na pembe.

Jaribuni ninyi wenyewe. Twaeni karatasi yenye pande nne zilizo sawa, mkaikunje toka pembe hata pembe. Mmepata pembetatu, pembe zake mbili ndogo ni za digri 45. Tafuteni mti uliosimama wima penye uwanja wa tambarare. Weka pembe moja ndogo karibu na jicho. Upande mfupi wa chini ulale sawasawa kama maji yaliyotulia, na upande mfupi wa pili usimame wima. Tazama kwa kufuata upande mrefu, ukienda mbele au nyuma, hata uone ncha ya mti. Simama hapo. Pima umbali toka miguu yako hata shina, uongeze urefu toka ardhi hata jicho lako. Umbali ukiwa metri 12, na jicho metri 1, mti una metri 13.

Pembe ikiwa ndogo kuliko digri 45, urefu nao ni mdogo kuliko umbali. Wenye elimu wamekwisha kufanya hesabu ya kila pembe. Kwa digri 10, ukiwa na umbali wa metri 1000, urefu ni metri 176. Kwa digri 1, ni metri 17 na nusu hivi. Basi, mpimaji akikosa digri moja tu, amekosa metri nyingi. Akiwa anatafuta njia ya bomba toka chemchemi, kijiji kizima chaweza kukosa maji. Ndiyo sababu hutumia teodoliti, yaani darubini yenye miguu mitatu na duara la kusomea pembe.

Sasa sikieni habari ya Everest, mlima unaopita yote ya dunia. Waingereza walipotawala India, wapima-nchi wao hawakuruhusiwa kuingia Nepal. Walibaki katika tambarare za India, zaidi ya kilometri 160 toka mlima ule. Malaria iliwaua wengi katika kazi hiyo. Lakini mwaka wa 1849 na 1850 walisoma pembe za kilele toka mahali mbalimbali. Umbali je, waliujuaje? Walikuwa wamepima mstari ardhini kwa uangalifu mwingi. Pembe zilizosomwa toka ncha zake mbili ziliwapa umbali mwingine, pembetatu baada ya pembetatu.

Radhanath Sikdar, Mhindi hodari wa hesabu, aliongoza kazi ya kuhesabu. Ilikuwa lazima kukumbuka kwamba dunia ni mviringo, hata huficha sehemu ya chini ya mlima, na kwamba hewa hupinda nuru.

Mwaka wa 1856 urefu ulitangazwa: karibu metri 8840. Mwaka wa 2020 Nepal na China zilitangaza karibu metri 8849. Tofauti ni metri 9 tu! Na Tenzing Norgay na Edmund Hillary walifika kileleni mwaka wa 1953, miaka 97 baada ya urefu wake kutangazwa.

MAULIZO
1. Wapima-nchi hupima mambo gani mawili?
2. Kwa nini twaongeza urefu wa jicho?
3. Pimeni mti mmoja wa uwanja wa shule. Una metri ngapi?