Kiwanda Kinachojikagua Kikiwa Kazini

Wenye viwanda wengi huweka kamera ya ukaguzi mwisho wa mstari wa uzalishaji, pale bidhaa inapokaribia kufungwa katoni. Hapo ni kupepeta tu: mbovu zinatengwa na nzima, lakini malighafi, umeme na saa za kazi vimeshaliwa. Faida kubwa iko katikati ya mstari, na kiwanda cha Siemens mjini Amberg, Ujerumani, ni mfano mzuri wa jambo hilo.

Amberg hutengeneza Simatic, vidhibiti vya kielektroniki vya kuendeshea mitambo. Kwa takwimu za kampuni, kiwanda kilipofunguliwa mwaka 1989 kasoro zilikuwa takriban 500 katika kila milioni. Robo karne baadaye zilishuka hadi kama 12. Uzalishaji ulipanda mara nane, na idadi ya wafanyakazi haikubadilika sana. Hilo la mwisho lina uzito, maana mitambo inayojiendesha ikitajwa, hofu ya kwanza huwa ni ajira.

Kila bodi ya saketi huingia mstarini na msimbo wake. Lehemu ikishapakwa, hupimwa. Vipuri vikishapachikwa, kamera hutazama kama vimekaa sawa. Bodi ikitoka kwenye tanuri, viungo hukaguliwa tena, na vile vilivyojificha chini ya vipuri hupigwa eksirei. Vipimo vyote huhifadhiwa kwa msimbo uleule, hivyo kasoro ikijitokeza fundi hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye mashine iliyoanza kukosea.

Eksirei ni ya polepole na ghali. Ndipo akili mnemba ilipoingizwa: programu husoma data za hatua zilizotangulia na kubashiri bodi zipi zinatia shaka; hizo ndizo hupigwa eksirei, nyingine hupita bila hiyo.

Wazo la kunasa kasoro kazi ikiendelea limeitangulia kompyuta. Mwaka 1924 Mjapani Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, na mfanyakazi mmoja akaweza kusimamia mitambo mingi. Toyota, iliyozaliwa na biashara hiyo, ilirithi kanuni yake: kasoro isivuke kwenda hatua inayofuata.

Kinachoivuruga mifumo hii mara nyingi ni kengele za uongo. Kamera ikizoea kukataa bidhaa nzima, wafanyakazi huipuuza, kisha huizima. Mwenye kiwanda anayeuziwa mfumo kama huu adai ujaribiwe kwa bidhaa zake mwenyewe, nzima na mbovu, na aamue mapema nani, zamu ya usiku, atakuwa na mamlaka ya kusimamisha mstari.