Vita vya meli mezani: Jinsi ya kucheza Karungu ya 1914 kwa vizibo vya soda

Wengi wetu huku Pwani tumesikia habari ya Septemba 20, 1914, siku manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja. Wachache wanajua kwamba mwezi huohuo meli zilikuwa zikifukuzana pia Ziwa Victoria, kwenye ghuba ya Karungu, ambayo leo iko kaunti ya Migori.

Wajerumani walivuka mpaka kutoka kusini, wakaingia Kisii, na Karungu nayo ikawa mikononi mwao. Kutoka Kisumu ikatumwa meli ya Winifred kushusha askari Karungu. Ilipofika ilimkuta Muansa, meli ndogo ya Kijerumani ya kuvuta matishari, ikiwa na silaha. Winifred ikageuza ikaondoka. Baadaye ilirudi ikiandamana na Kavirondo, na safari hii Muansa ndiyo iliyoondoka.

Hizi hazikuwa manowari. Winifred ililetwa vipande vipande kutoka Uskoti, ikaungwa Kisumu ili ibebe abiria na mizigo. Bati lake halikuwa la kuzuia risasi za mzinga. Zilikuwa meli za kukimbia, si za kusimama na kupigana.

Ng'ambo kuna michezo ya mezani iliyojengwa juu ya hali kama hiyo, ila huko meli ni vyombo vya anga za juu. Full Thrust ulitoka Uingereza miaka ya 1990, na Battlefleet Gothic mwaka 1999. Katika michezo hii kuna makundi ya vyombo vyenye mbio sana na ngozi nyembamba. Vyombo vyake vya plastiki au chuma huuzwa ghali, lakini kanuni zake hazihitaji pesa. Nimezipunguza zikaingia kwenye ghuba ya Karungu, na hivi ndivyo unavyoweza kucheza na watoto nyumbani, uwe Homa Bay, Sori au Kisauni.

Vifaa. Tafuta meza au sakafu ya mita moja kwa mita moja, rula, dadu ya ludo, karatasi, penseli, vizibo vinane vya soda na kokoto 24. Kila mchezaji achukue vizibo vinne vya rangi moja. Chora mshale juu ya kila kizibo kuonyesha omo, na upe kila kimoja namba. Pangeni meli zenu kwenye kingo mbili zinazotazamana.

Mwendo. Kabla ya kila zamu, kila mmoja aandike kwa siri amri ya kila meli: sentimita ngapi, na ageuke kushoto, kulia au aende moja kwa moja. Meli haiwezi kusimama. Lazima iende angalau sentimita 10, na isizidi 20. Kugeuka ni mara moja tu kwa zamu, nusu ya pembe mraba. Kisha wote mfunue karatasi na msogeze pamoja. Hapa ndipo mchezo ulipo: huchezi dhidi ya pale adui alipo, unacheza dhidi ya pale atakapokuwa.

Kupiga. Mzinga uko omo, kwa hiyo meli hupiga kilicho mbele yake tu, isizidi sentimita 15. Tupa dadu: 5 au 6 imepata. Ukiwa ndani ya sentimita 8, hata 4 inatosha. Pigeni kwa kupokezana, meli moja moja, na anayeanza ni aliyetupa dadu kubwa zaidi zamu hiyo. Meli iliyopata pigo moja haizidi tena sentimita 10. Pigo la pili huizamisha, na iliyozama haijibu.

Makosa ya wanaoanza ni mawili. La kwanza ni kwenda uso kwa uso. Anayekuja kwa ubavu au kwa nyuma hupiga bila kupigwa. La pili ni kugawanya mizinga. Meli zako nne zikimlenga mmoja kwa karibu, uwezekano wa kumzamisha ni karibu 7 kati ya 10. Ukiwalenga wawili, mizinga miwili kwa kila mmoja, uwezekano wa kumzamisha kila mmoja hushuka kuwa 1 kati ya 4. Ndiyo maana Winifred kurudi na mwenzake kulibadili mambo Karungu.

Kokoto. Sheria hii ni yangu mwenyewe. Kila kizibo kina kokoto tatu juu yake. Hao ni watu. Kizibo kikizama, kokoto zake zinatolewa. Meli inaweza kuondoka mezani wakati wowote kupitia ukingo wake na kokoto zake. Baada ya zamu nane mchezo unakwisha, na meli zilizo bado ghubani hazipati kitu. Kila meli ya adui uliyozamisha ni alama 2, na kila kokoto iliyorudi nyumbani ni alama 1.

Nimeiweka kwa sababu vita ile haikuwa ya meli peke yake. Maelfu ya vijana wa Nyanza, kama wa Pwani, walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariokor jijini Nairobi linatokana na kikosi chao, lakini majina yao wenyewe mengi hayakuandikwa popote. Mchezo unaohesabu meli tu ungewasahau mara ya pili.

Kwa hesabu hii, kuzamisha meli moja kwa kupoteza moja yako ni hasara: unapata 2, unapoteza 3. Mtoto ataliona hilo mwenyewe kabla ya mchezo wa tatu, ataanza kuuliza meli igeuzwe lini irudi nyumbani. Akifika hapo, mwambie kuwa ghuba ya Karungu ipo kweli, na kwamba nahodha wa Winifred aliwahi kujiuliza swali hilohilo.