Gyan aligonga mwamba, akarudi kupiga tuta

JULAI 2, 2010, Soccer City, Johannesburg. Dakika za nyongeza zinayoyoma, Ghana na Uruguay ni 1-1. Luis Suarez anazuia mpira kwa mikono mstarini, analambwa kadi nyekundu, penalti. Asamoah Gyan akifunga tu, Ghana inakuwa timu ya kwanza ya Afrika kutinga nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Akapiga. Mpira ukagonga mtambaa panya.

Wengi tukisimulia tunaishia hapo. Lakini dakika chache baadaye yalikuja matuta, na aliyetangulia kupiga kwa Ghana alikuwa Gyan yuleyule. Akafunga. Wenzake wawili wakakosa, Ghana ikatolewa 4-2, naye akalia kama mtoto.

Hapo kuna somo hata kwa mchezaji wa ndondo. Ukikosa, lia, maana inauma. Ila usijitukane. Mwenzako akikosa unamshika bega, unamwambia, "Poa, twende." Mbona wewe mwenyewe unajiita bure kabisa wiki nzima? Anayejisimanga kila saa huanza kuuogopa mpira, na anayeuogopa hawezi kurekebisha kosa lake.

Gyan hakuuogopa. Mwaka 2014 kule Brazil alizifunga Ujerumani na Ureno, akafikisha mabao sita ya Kombe la Dunia, rekodi kwa Mwafrika.

Matusi ya jukwaani yanatosha, kaka. Usiyaongezee ya kwako.