Nyama ya Kuweka Kwenye Mkate: Namna ya Kuepuka Chumvi Isiyoonekana

Vipande viwili vya mkate vilivyowekwa nyama katikati vimekuwa mlo wa kawaida katika miji mingi nchini. Wanafunzi huvibeba kwenda shule, watumishi huvila mchana wakiwa kazini na wasafiri huvinunua katika vituo vya mabasi. Ni chakula chepesi kuandaa na rahisi kubeba. Hata hivyo, nyama inayotumika mara nyingi katika mlo huo, yaani soseji, hemu, salami, beikoni au nyama ya kopo, ni miongoni mwa vyakula vyenye sodiamu nyingi kuliko mlaji anavyodhani.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa mtu aliyeshauriwa na daktari kupunguza chumvi. Wengi wanaopewa ushauri huo huanza kwa kuondoa kopo la chumvi mezani na kupunguza chumvi kwenye mboga. Hatua hiyo ni sahihi, lakini haitoshi iwapo kila asubuhi mhusika anaendelea kula mkate na soseji. Chumvi aliyoiondoa kwa mkono mmoja huirudisha kwa mkono mwingine bila kujua, kwa kuwa chumvi iliyomo ndani ya nyama ya kusindikwa haionekani kwa macho.

Makala haya yanafafanua sababu za nyama hizo kuwa na sodiamu nyingi, namna ya kusoma lebo zake na chaguo ambazo familia inaweza kutumia bila kuacha kabisa mlo huo.

Sodiamu na afya ya mwili

Chumvi ya mezani ni muungano wa madini mawili, sodiamu na kloridi. Sodiamu huchukua takriban asilimia 40 ya uzito wa chumvi. Mwili huihitaji kwa kiasi kidogo ili kudhibiti maji na kuwezesha kazi za mishipa ya fahamu na misuli. Ikizidi, mwili hubakiza maji mengi, ujazo wa damu huongezeka na shinikizo ndani ya mishipa hupanda. Shinikizo la juu la damu linalodumu kwa muda mrefu huchangia kiharusi, magonjwa ya moyo na kuharibika kwa figo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima atumie chini ya miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, kiasi ambacho ni sawa na chini ya gramu 5 za chumvi, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Kiwango hicho kinajumuisha chumvi yote: ya kwenye mkate, mboga, vitafunwa na nyama. Kwa watoto, kiwango kinapaswa kuwa kidogo zaidi kulingana na mahitaji yao ya nishati. Kwa mujibu wa ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023, wastani wa matumizi ya chumvi duniani ni gramu 10.8 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachopendekezwa.

Hapa nchini, uchunguzi wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulionesha kuwa takriban robo ya watu wazima wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Ugonjwa huo mara nyingi hauoneshi dalili, hivyo mtu anaweza kuishi nao kwa miaka bila kufahamu.

Kwa nini nyama za kusindikwa zina sodiamu nyingi

Chumvi huwekwa katika nyama hizi kwa sababu zaidi ya ladha. Kwanza, huzuia ukuaji wa baadhi ya vimelea na hivyo kurefusha muda wa nyama kukaa bila kuharibika. Pili, huyeyusha sehemu ya protini za nyama na kuzifanya zishikamane, zihifadhi maji na kubana mafuta. Ndiyo sababu soseji hukatika vipande laini bila kumomonyoka. Bila chumvi, kazi hiyo ni ngumu kufanyika kiwandani.

Aidha, chumvi si chanzo pekee cha sodiamu katika bidhaa hizo. Naitraiti ya sodiamu huipa nyama rangi ya waridi na kuzuia vimelea hatari. Fosfeti za sodiamu husaidia kuhifadhi maji. Lakteti ya sodiamu hurefusha muda wa matumizi. Na glutameti ya sodiamu huongeza ladha. Viambato hivyo vyote huongeza hesabu ya sodiamu hata pale ambapo ulimi hauhisi chumvi kali.

Matokeo yake huonekana katika tarakimu. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe au kidari cha kuku kilichookwa bila chumvi huwa na takriban miligramu 60 hadi 75 za sodiamu ya asili. Gramu 100 za soseji, hemu au nyama ya ng'ombe ya kopo kwa kawaida huwa na takriban miligramu 900 hadi 1,200, na salami huweza kufikia miligramu 1,700 au zaidi. Nyama ni ileile; kilichobadilika ni usindikaji.

Hesabu ya mlo mmoja

Mfano ufuatao unaonesha tofauti hiyo. Vipande viwili vya mkate vyenye gramu 30 kila kimoja huwa na takriban miligramu 270 za sodiamu. Gramu 60 za nyama ya kusindikwa yenye miligramu 1,000 kwa kila gramu 100 huongeza miligramu 600. Kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya nyanya huongeza takriban miligramu 150. Jumla ni miligramu 1,020, sawa na nusu ya kiwango cha siku nzima, kabla mlaji hajagusa chakula cha mchana wala cha jioni.

Iwapo nyama hiyo itabadilishwa kwa gramu 60 za nyama ya ng'ombe iliyookwa nyumbani bila chumvi, na sosi kubadilishwa kwa vipande vya nyanya, tango na parachichi, jumla hushuka hadi takriban miligramu 315, na sehemu kubwa ya kiasi hicho hutoka kwenye mkate wenyewe. Mlaji ameokoa takriban miligramu 700 za sodiamu, karibu gramu 1.8 za chumvi, katika mlo mmoja tu.

Namna ya kusoma lebo

Tangu mwaka 2019, jukumu la kusimamia usalama wa chakula nchini liko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Alama ya ubora ya TBS humhakikishia mlaji kuwa bidhaa imekidhi matakwa ya kiwango husika. Hata hivyo, alama hiyo peke yake haimaanishi kuwa bidhaa ina sodiamu kidogo. Ili kulijua hilo, mlaji anapaswa kusoma jedwali la virutubishi kwenye kifungashio na kuzingatia mambo manne.

Kwanza, alinganishe kwa gramu 100. Baadhi ya wazalishaji hutaja sodiamu kwa kiasi cha kuliwa mara moja, na kiasi hicho hutofautiana. Pakiti moja ikitaja miligramu 250 kwa gramu 28, na nyingine miligramu 450 kwa gramu 56, ya kwanza huonekana kuwa na sodiamu kidogo. Zikiwekwa katika kipimo kimoja, ya kwanza ina takriban miligramu 890 kwa gramu 100 na ya pili miligramu 800. Iliyoonekana nafuu ndiyo yenye sodiamu nyingi.

Pili, atofautishe chumvi na sodiamu. Lebo za baadhi ya nchi hutaja chumvi kwa gramu, na nyingine hutaja sodiamu kwa miligramu. Ili kupata chumvi, sodiamu huzidishwa kwa 2.5. Miligramu 800 za sodiamu ni sawa na gramu 2 za chumvi.

Tatu, aelewe maana ya madai yaliyoandikwa mbele ya pakiti. Kwa mujibu wa miongozo ya Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, bidhaa hustahili kuitwa yenye sodiamu kidogo iwapo haizidishi miligramu 120 kwa gramu 100. Maneno kwamba sodiamu imepunguzwa yana maana nyingine: kiasi kimeshuka kwa angalau asilimia 25 kikilinganishwa na bidhaa ya kawaida. Nyama iliyokuwa na miligramu 1,000 ikipunguzwa kwa kiwango hicho bado hubaki na miligramu 750. Ni nafuu, lakini bado ni nyingi. Nchini Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi kwa gramu 100, sawa na miligramu 600 za sodiamu, huwekwa katika kundi la vyakula vyenye chumvi nyingi.

Nne, asome orodha ya viambato. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Chumvi ikitajwa mapema, au neno sodiamu likijirudia mara kadhaa, hiyo ni ishara ya kutafuta bidhaa nyingine.

Chaguo zilizo bora zaidi

Chaguo la kwanza ni nyama inayopikwa nyumbani. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, hususan ya paja, hupakwa tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, maji ya ndimu, pilipili manga na bizari, kisha huhifadhiwa kwenye jokofu usiku kucha. Siku inayofuata hupikwa kwa moto mdogo katika oveni au sufuria nzito iliyofunikwa hadi ilainike. Ikipoa kabisa ndani ya jokofu, hukatwa vipande vyembamba kwa kisu kikali. Kilo moja ya nyama mbichi hutoa takriban gramu 650 hadi 700 za nyama iliyoiva, kiasi kinachotosha milo kumi.

Kwa familia ambayo haijazoea nyama isiyo na chumvi, nusu kijiko cha chai cha chumvi yenye madini joto katika kilo hiyo huongeza takriban miligramu 120 tu za sodiamu kwa kila mlo, kiasi kilicho mbali na miligramu 600 za nyama ya kusindikwa. Vidonge vya supu na sosi ya soya havifai kuongezwa, kwa kuwa kijiko kimoja cha mezani cha sosi ya soya pekee huwa na takriban miligramu 900.

Chaguo la pili ni kidari cha kuku kilichochemshwa au kuokwa na kuchambuliwa. Kuku aliyegandishwa akaguliwe lebo, kwani baadhi huongezwa maji ya chumvi kabla ya kufungashwa. Chaguo la tatu ni yai la kuchemsha, lenye takriban miligramu 60 za sodiamu, au samaki mbichi aliyepikwa na kuondolewa miiba. Samaki wa kopo achaguliwe yule aliyehifadhiwa bila kuongezwa chumvi.

Kwa asiyekula nyama, maharage au dengu zilizopondwa kwa kitunguu na limau, pamoja na siagi ya karanga isiyotiwa chumvi, hujaza mkate vizuri kwa gharama ndogo. Maharage ya kopo yamwagwe maji yake na kusuuzwa ili kupunguza sehemu ya chumvi.

Pale ambapo soseji haiepukiki, kiasi kipunguzwe hadi nusu na nafasi yake ijazwe mboga mbichi. Ikumbukwe pia kuwa kupungua kwa sodiamu hakuondoi hoja nyingine: mwaka 2015, wakala wa WHO wa utafiti wa saratani uliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hivyo hata iliyo na sodiamu kidogo haifai kuwa mlo wa kila siku.

Tahadhari mbili muhimu

Tahadhari ya kwanza inahusu uhifadhi. Nyama isiyo na chumvi nyingi huharibika haraka. Nyama iliyopikwa isikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, ihifadhiwe chini ya nyuzi joto 5 na itumike ndani ya siku tatu hadi nne. Inayobaki igandishwe mapema katika vifungashio vya mlo mmoja mmoja. Mtoto asiyeweza kuhifadhi chakula mahali penye baridi shuleni apewe mkate wenye siagi ya karanga badala ya nyama.

Tahadhari ya pili inahusu chumvi mbadala, ambazo sehemu ya sodiamu yake hubadilishwa kwa potasiamu. Mwezi Januari 2025, WHO ilitoa mwongozo unaopendekeza watu wazima wanaotumia chumvi ya mezani wazingatie chumvi hizo, lakini pendekezo hilo haliwahusu watoto, wajawazito wala wenye matatizo ya figo. Potasiamu ikizidi kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi ipasavyo, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za shinikizo la damu, awasiliane kwanza na mtoa huduma za afya. Chumvi ya mawe, ya baharini au yenye rangi ya waridi si mbadala, kwa kuwa sodiamu yake inakaribiana na ya chumvi ya kawaida.

Ulimi huzoea ladha yenye chumvi kidogo baada ya wiki kadhaa, hivyo mabadiliko ya hatua kwa hatua hudumu zaidi kuliko ya ghafla. Mwananchi anaweza kuanza kwa kubadilisha nyama ya kusindikwa siku mbili za wiki, kisha kuongeza siku kadiri familia inavyozoea. Sambamba na hilo, ni muhimu kupima shinikizo la damu katika kituo cha afya kilicho karibu, na mwenye kutumia dawa asiache kuzitumia kwa sababu ya kubadili chakula bila maelekezo ya daktari.